Tupeane uzoefu: Ndugu yako alipotoka jela, wiki za kwanza mliishi naye vipi?

Mleta mada (Nkuhungu)

Wakuu, salaam. Kaka yangu wa tumbo moja anatoka gereza la Isanga, hapa Dodoma, mwezi ujao. Alikula mvua sita, yaani miaka sita, theluthi imeondoka kwa mwenendo mzuri, kwa hiyo anamaliza na minne. Mama kule Chamwino kashatenga jogoo wawili. Lakini wa kukaa naye ni mimi, hapa Nkuhungu, chumba na sebule, mke na watoto wawili.

Siulizi mambo ya sheria. Nauliza ya ndani ya nyumba. Usiku analala vipi? Afya yake naianzia wapi? Majirani niwaambie nini? Naomba waliopitia. Wale wa "mwizi ni mwizi tu", uzi wenu upo, huu sio.

Mama Wawili

Pole na hongera, kaka. Mume wangu alikaa miaka 7. Sisi tulijiandaa kwa nguo na godoro, kumbe kazi haikuwa hapo.

Usingizi kwanza. Alizoea selo yenye watu wengi na taa inayowaka usiku kucha. Nikizima taa anakaa kitandani anahema. Jioni jua halijazama kashaingia ndani, anasubiri mlango ufungwe. Na mlango haufungui mwenyewe! Anasimama mbele yake kama anangoja afande. Mara ya kwanza nilicheka, nikadhani ananitania.

Kilichonitoa machozi ni siku watoto wanacheza kombolela uani. Mmoja kafumba macho anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu... Nageuka, baba yao kachuchumaa ukutani, mikono kichwani, kama yuko kwenye hesabu ya jela. Anajua yuko kwake. Mwili ndio ulikuwa haujajua.

Tuliacha taa ndogo ya koridoni ikiwaka. Nikaacha kumshtua kwa nyuma. Kumpangia siku nzima nilikoma pia, nikawa namuuliza tu, "Leo tupike mlenda au maharage?" Usicheke, ilimchukua wiki mbili kujibu swali hilo bila kusema "chochote". Maharage hakuyachagua hata siku moja, hilo namwelewa.

Boda wa Kizota

Hao jogoo wawili mama awape nafasi kidogo. Sisi tulimpokea binamu na pilau la mafuta, nyama, na kreti ya soda. Tumbo lililozoea dona na maharage likakataa. Siku tatu yuko chooni, sherehe ikaishia kwenye maji ya chumvi na sukari. Mpeni uji, ugali na mboga kwanza. Jogoo hana haraka.

Mzabibu

Mimi siyo ndugu wa mfungwa, ni mimi mwenyewe. Nilitoka kwa msamaha wa Rais wa tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano. Wanaoujua wanaelewa, msamaha hauna maandalizi. Jana uko kwenye hesabu, leo uko stendi na mfuko wa rambo.

Nilikuwa mwezi wa tatu kwenye dozi ya TB. Mule ndani watu wamebanana, hewa ndogo, mmoja akikohoa wengi wanavuta. Dozi ni miezi 6. Nikatoka bila barua wala vidonge vya kuendelea, na mtu wa kuniuliza hakuwepo. Nikajisikia mzima, nikaacha. Nikapata kibarua Hombolo cha kupogoa mizabibu. Kwa wasiojua, huku Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila mavuno lazima ukate matawi kwa mkasi, mti kwa mti. Kazi nzuri kwa mtu kama mimi, maana unashinda na miti na haikuulizi ulitokea wapi.

Kabla zile nilizopogoa hazijaiva nikawa napandisha tuta napumzika mara mbili, jasho la usiku linalowesha shuka. Makohozi yakapimwa, nikaanzishwa upya toka kidonge cha kwanza. Bahati yangu hayakuwa ya ile TB sugu inayokataa dawa za kawaida. Na nilikuwa nalala chumba kimoja na wapwa zangu, ikabidi wapimwe wote.

Kwa hiyo mkuu, usingoje atoke. Nenda siku ya kutembelea umuulize kwa upole, siyo mbele ya watu: kuna vidonge unameza? Kama ni TB au ARV, aombe pale zahanati ya gereza barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha kliniki ya huku nje. Akitoka, wiki isiishe hajaripoti. Dawa za TB na ARV vituo vya serikali ni bure, hivyo pesa isiwe sababu. Na hata kama hana dawa yoyote, mpeleke apimwe.

Dada Mkubwa

Nimesoma ya Mzabibu mara mbili. Naandika hili kwa sababu sikuambiwa na mtu.

Mdogo wangu alikuwa anatumia unga, yaani heroini, kabla ya kufungwa. Alikaa mwaka na nusu, akatoka mnene, ngozi safi, tukamshukuru Mungu kwamba jela imemtibu. Siku ya nne alikutana na wenzake wa zamani. Alichukua kiasi kile kile alichokuwa anachukua zamani.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza. Mtu akikaa muda bila kutumia, mwili unasahau kustahimili. Kiasi ambacho zamani kilikuwa kinamtuliza tu arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, sasa kinazima pumzi. Ndiyo maana siku na wiki za kwanza baada ya kutoka ni za hatari kuliko zote.

Kama kaka yako ana historia hiyo, Dodoma kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, pale Itega. Mwanzoni dawa inanywewa kila siku mbele ya muuguzi, hawakupi ubebe nyumbani kama panadoli, kwa hiyo pigeni hesabu ya nauli ya kila siku kabla hajaanza. Mdogo wangu hakufika huko.

Boda wa Kizota

Pole sana dada.

Mkweli Daima

Poleni wote, lakini niulize. Mnaongelea usingizi wa mfungwa. Aliyevunjiwa duka yeye analala?

Mjumbe wa Shina

Swali la Mkweli siyo baya, wala lisiwaudhi. Mimi ni mjumbe huku mtaa wa Kikuyu, Dodoma, nimewapokea watatu waliotoka jela.

Wa kwanza alijificha ndani mwezi mzima kwa aibu. Mtaani ikapotea betri ya jenereta, watu wakaenda moja kwa moja kwake na fimbo. Hakuwa yeye. Toka hapo nikabadilisha utaratibu. Mtu akitoka, kesho yake asubuhi naongozana naye hadi kwa mtendaji wa mtaa, anajitambulisha, anaandikwa. Kisha kwa aliyemkosea, kama yupo na anakubali kuonana. Wa pili tulienda naye kwa mama aliyemwibia mbuzi. Mama hakumsamehe siku hiyo. Alisema, "Nimekuona, pita." Miezi kadhaa baadaye ndiye aliyempa kazi ya kufyatua tofali. Wa tatu aliyemkosea hakutaka kumwona kabisa, na hiyo nayo ni haki yake, tukaiheshimu.

Jambo jingine dogo linaloangusha wengi ni laini ya simu. Miaka minne namba imeshafungwa na pengine anayo mtu mwingine. Kusajili mpya ni alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Asiyekuwa nayo hana laini, asiye na laini haitwi kibarua wala halipwi. Anza na hilo wiki ya kwanza, barua ya utambulisho ya mtaa itasaidia.

Nesi Mstaafu

Wamesema mengi mazuri. Naongeza presha, macho na meno, vipimwe. Halafu kichwa. Kama baada ya wiki kadhaa halali, hali, au anasema bora angebaki kule, msimwombee tu. Watu wetu wakisikia Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, wanadhani ni ya waokota makopo. Pale huingia mtu na suruali yake ya kupiga pasi, akaongea na daktari, akarudi kwake.

Binti wa Mpwapwa

Mnaongelea wanaume. Mama yangu alitoka baada ya miaka 5. Baba alikuwa kashaoa. Mdogo wangu aliachwa na miaka miwili, akamkuta saba. Akamsalimia, "Shikamoo shangazi." Mama akaitika "marahaba" kama kawaida, akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Hatukumlazimisha mtoto. Mama akawa anamsuka nywele kila Jumapili. Jina la mama lilikuja lenyewe, siku anaumwa jino.

Mleta mada (Nkuhungu)

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu. Jumapili naenda Isanga, ya vidonge nitamuuliza. NIDA yake nimeiona kwenye sanduku la mama. Swali moja la mwisho, Mama Wawili: sebuleni atakapolala hakuna komeo la ndani. Niweke au nisiweke?

Mama Wawili

Weka, na umpe ufunguo wa nyumba siku ya kwanza. Sisi tulichelewa, mzee akawa ananiomba ruhusa ya kwenda chooni mwezi mzima.