Jedwali la wabunge wa Old Sarum linalozungushwa humu ni bovu, acheni kulinakili

Wakuu, leo nasema bila kumung'unya maneno. Lile jedwali la "Wabunge wa Old Sarum 1295–1832" (Old Sarum ni kimji cha kale cha Uingereza, jimbo la uchaguzi lililofutwa 1832) limebandikwa tena, na mtu mwenye akaunti ya miaka yote hiyo humu jukwaani analiita "data kamili". Kamili kwa lipi? Mnalinakili, mnalisambaza, na wanafunzi wanalitumia kwenye kazi zao.

Kwanza, 1295 hadi 1832 si mfululizo. Kile kimji cha Wiltshire kiliitwa bungeni 1295, enzi za Edward I, kikanyamaza mpaka miaka ya 1360. Sasa hayo majina ya katikati mmeyatoa wapi? Nitawaambia: ni ya Salisbury. Kanisa kuu liliposhushwa kutoka kilima cha Old Sarum mwaka 1220, watu walilifuata bondeni, na mji mpya ukaitwa New Sarum, yaani hiyo Salisbury. Huo nao ulikuwa na wabunge wake wawili. Mtu akikuta "Sarum" kwenye hati anabeba tu.

Pili, hizo safu za "kiti cha kwanza" na "kiti cha pili" na mishale ya nani alimrithi nani. Kwenye uchaguzi mkuu wote wawili walichaguliwa pamoja, hakuna aliyerithi kiti cha mwenzake. Unaweza kusema fulani kachukua nafasi ya fulani kwenye uchaguzi mdogo tu, pale mmoja alipokufa au alipopoteza nafasi.

Tatu, miaka. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. William Pitt, yule baba mtu, aliingia Februari 1735 kwa hesabu yetu, lakini hati za wakati ule zinasoma 1734. Jedwali limemwandika mara mbili, 1734 na 1735, kama vile alichaguliwa, akatoka, akachaguliwa tena. Kilichotokea ni hiki: kaka yake Thomas alishinda sehemu mbili kwenye uchaguzi mkuu wa 1734, Old Sarum na Okehampton. Sheria ikamtaka abaki na moja, akachagua Okehampton, na nafasi iliyobaki akapewa mdogo wake William. Na tafadhalini, William mtoto, yaani mwanawe huyo William, aliyekuwa waziri mkuu akiwa na miaka 24, hajawahi kuwa mbunge wa Old Sarum hata siku moja. Mtoeni.

Nne, 1707 na 1801 si miaka ya uchaguzi mkuu. Bunge lilibadilika jina, kwanza baada ya muungano na Scotland, halafu na Ireland. Wabunge wa upande wa Uingereza waliendelea na viti vyao. Robert Pitt aliyechaguliwa 1705 hakuhitaji kuchaguliwa tena 1707. Pia kuanzia 1716 muhula ulikuwa miaka 7, badala ya 3 ya sheria ya 1694, kwa hiyo huo "uchaguzi mkuu wa 1718" ni wa kutunga.

Tano, na hapa ndipo nilipochoka kabisa: safu ya kura. "Alishinda kwa kura 7." Saba ni hesabu ya wapiga kura inayotajwa vitabuni, sawa na 11 inavyotajwa kwa mwaka 1831. Kila mpiga kura alikuwa na kura mbili kwa sababu nafasi ni mbili. Na wagombea walipokuwa wawili tu kwa nafasi mbili, hakuna kura iliyopigwa; msimamizi alitangaza majina, basi. Haki ya kura yenyewe iliganda kwenye viwanja fulani, haikuwa ya mtu. Kwenye miji ya aina hii, mwenye ardhi alikuwa akimwandikia mtu wake wa kuaminika kiwanja uchaguzi ukikaribia, ukipita anakirudisha. Ndiyo maana idadi ilipanda na kushuka bila mtu kuzaliwa wala kufa.

Kwa hiyo ukitaka orodha ya Old Sarum ikuingie akilini, anza na mwenye ardhi, halafu ndiyo uje kwa mbunge. Thomas Pitt, babu yao wale Thomas na William, aliinunua ardhi hiyo 1691, ikabaki mikononi mwa ukoo wake mpaka 1802, ilipouzwa kwa Earl (kabaila) wa Caledon kwa pauni 60,000. Hakuna anayelipa pesa hiyo kwa malisho ya kondoo. Alinunua viti viwili vya Bunge, wakati Manchester, Leeds na Birmingham hazikuwa na hata kimoja.

Msimamizi wa jukwaa, huo uzi wa jedwali ufungwe au urekebishwe.

---

#2
Mkuu punguza munkari, ila hujagusa kidonda kikubwa: akina Thomas Pitt. Jedwali lina "Thomas Pitt, 1695–1784". Miaka 89 bungeni, huyo jini au mtu? Wako wanne. Mnunuzi wa 1691, gavana wa Madras 1698 hadi 1709, aliyefariki 1726. Mwanawe, Earl wa Londonderry, aliyeingia 1727. Usishangae earl kukaa na wabunge wa kuchaguliwa, cheo chake kilikuwa cha Ireland, hakikumpa kiti kwenye Bunge la Malordi la Uingereza. Mjukuu aliyefariki 1761, ndiye huyo kaka yake William. Halafu kitukuu, mbunge 1761–1768 na 1774–1784, akawa Baron Camelford wa kwanza. Yuko wa tano, Baron wa pili, huyu hakuwahi kuwa mbunge, alikuwa mwenye mali tu. Bila mwaka wa kufa pembeni ya jina, hutawatenganisha.

#3
Na neno "alijiuzulu" liondolewe kote. Tangu 1624 mbunge haruhusiwi kujiuzulu. Njia ya kutoka ilikuwa kupewa cheo cha mfalme, maana anayekipokea alipoteza kiti, na mlango wa cheo cha jina tu, kisicho na kazi, ulianza kutumika 1751. Thomas Pitt mnunuzi aliacha kiti 1716 kwa sababu aliteuliwa gavana wa Jamaica, ambako wala hakwenda. Halafu baada ya sheria ya 1707, vyeo vingine vilimruhusu mtu kurudi akachaguliwe upya. Ndiyo sababu William anaonekana tena 1746. Hakushindwa akarudi.

#4
Mnamwonea mtengeneza jedwali. John Horne Tooke wa 1801 si yuko sahihi? Nasikia alifukuzwa kwa sababu ni kasisi.

#5 (mwenye uzi)
Hakufukuzwa. Camelford wa pili alimweka Februari 1801, Bunge likabishana, likatunga sheria ya kuwazuia makasisi kwa uchaguzi utakaofuata. Yeye alikaa mpaka Bunge lilipovunjwa 1802. Sheria hiyo imefutwa 2001. Mashimo ya kweli kwenye orodha yapo mwishoni: jedwali linampa Josias Du Pré Alexander 1820–1832 moja kwa moja. Limemruka Stratford Canning, 1828–1830.

#6
Nyongeza ya pembeni: Sir George Yonge, mbunge 1799–1801, na Caledon mwenye ardhi, wote wawili walikuwa magavana wa Rasi ya Tumaini Jema. Kilima cha kondoo, lakini mkono ulifika hadi kusini mwa Afrika.

#7 (mwenye uzi)
Sawa. Anayerekebisha aweke safu hizi: tarehe kamili ya uchaguzi, mkuu au mdogo, jina na mwaka wa kufa, sababu ya nafasi kuwa wazi, na mwenye ardhi wakati huo. Bunge ambalo hati zake zimepotea, kama mengi ya Henry VIII kati ya 1510 na 1523, liachwe wazi. Msijaze.