Leseni mbili za uhandisi, Texas na New York: saa za mafunzo zinahesabiwaje?

kokoto_na_nondo:
Habari wakuu. Nina leseni ya PE (mhandisi mtaalamu, Marekani) Texas na New York. Ili kuhuisha leseni, Texas wanadai saa 15 za mafunzo endelevu (PDH) kila mwaka, New York 36 kwa miaka mitatu. Kozi moja inahesabika pande zote mbili au kila bodi isomewe peke yake? Pia, kongamano la saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni naliandika saa 9?

boriti:
Kozi moja inahesabika kote, mradi uichague kwa vigezo vya New York, maana huko ndiko kwenye masharti makali. Texas hawaidhinishi kozi mapema. Wewe ndiye unayeamua kama inahusu kazi yako, na siku ya ukaguzi unaitetea. New York wanataka mtoa mafunzo awe ameidhinishwa. Na kati ya zile 36, angalau 18 ziwe kozi zenye mwalimu wa kuulizwa maswali papo hapo, ukumbini au kwa webina ya mubashara. Video iliyorekodiwa haiingii kwenye hizo 18, inakaa kwenye nusu ya pili.

Kwa hiyo kila mwaka fanya saa 12 kwa watoa mafunzo wanaokubalika New York, 6 kati yake mubashara, na saa moja iwe ya maadili kwa sababu Texas wanaidai kila mwaka. Zinabaki 3 za Texas. Hizo hata kujisomea kunatosha: Texas wanakubali hadi saa 5 za kujisomea kwa mwaka. New York kusoma kitabu peke yako nyumbani hakukupi kitu.

Angalia na mada. Somo la kutafuta wateja au kuongeza faida ya ofisi New York hawalipokei, hata kama cheti chake kinapendeza.

pima_maji:
Nijibu la kongamano. Saa moja ya mafunzo ni dakika 50 za kufundishwa. Toa chakula cha mchana, chai, usajili na hotuba za kukaribishana, halafu jumlisha dakika za vipindi ulivyohudhuria. Vipindi sita vya dakika 75 ni dakika 450, sawa na saa 9. Lakini vikiwa sita vya dakika 50 ni saa 6 tu, hata kama ulikaa ukumbini kutwa. Ukiandika 9 kwa kuangalia saa ya kuingia na ya kutoka, ratiba ya kongamano yenyewe itakuumbua.

Tazama kipimo kilichoandikwa kwenye cheti pia. CEU ni kipimo kingine cha mafunzo endelevu; CEU 1 ni PDH 10, kwa hiyo cheti cha CEU 0.6 ni saa 6. Wapo wanaoandika 0.6 wakajipunja.

kokoto_na_nondo:
Shukrani wakuu. Nikisoma somo la chuo la muhula mmoja, krediti 3?

boriti:
Hapo angalia kila bodi inavyobadilisha krediti kuwa saa. New York krediti moja ya muhula ni saa 15. Somo lako ni saa 45 kwa New York; kwa Texas soma kanuni za bodi yao. Usifurahi mapema, ziada haivuki yote: Texas wanakuruhusu kuvusha 14 tu kwenda mwaka unaofuata, New York 6 kwenda mzunguko unaofuata.

mkaguzi_mstaafu:
Wengi hukwama kwenye ushahidi, saa wanazo. Cheti kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye leseni, jina la mtoa mafunzo, mada, tarehe na idadi ya saa. Risiti ya malipo inaonyesha ulilipa, haionyeshi ulihudhuria. Mkitazama webina wawili kwenye kompyuta moja na aliyejisajili ni mmoja, mwenzake hana lake.

Texas tunza kumbukumbu miaka 3, New York miaka 6. Weka daftari moja lenye tarehe kamili, kwa kuwa mizunguko ya bodi hizi haianzi siku moja, na kozi ya Desemba inaweza kuangukia mwaka tofauti na unaoudhani. NCEES (baraza la bodi za uhandisi za Marekani) wana daftari la mtandaoni la bure, ni zuri, ila linatunza tu ulichoandika; halikuambii kama New York watakikubali.

Na ukiona muda umekwisha saa hazijatimia, usitie tiki kwenye tamko la kwamba umezitimiza. Tamko la uongo ni kosa la nidhamu peke yake, zito kuliko upungufu wenyewe. New York kuna usajili wa masharti usiozidi mwaka mmoja: unafidia zilizopungua na kuongezewa nyingine juu yake. Omba huo kabla usajili haujaisha.