Mrejesho: taa ya kushoto imepona, kumbe ni ethi (njia ya umeme kurudi negativu ya betri kupitia bodi)

Wakuu, habari zenu. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu taa ya mbele kushoto ya gari langu: inawaka hafifu, nikipita tuta inapepesa, na balbu ya H4 nimebadilisha mara mbili bila mafanikio. Mdau mmoja akasema niachane na balbu, nipime umeme kwenye soketi taa ikiwa inawaka.

Jana nimepima, injini imezimwa. Betri volti 12.5, kwenye balbu zinafika 9.6 tu. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi, nyingine kwenye negativu ya betri: 2.7! Umeme ulikuwa unapotelea hapo.

Nikaufuata waya mweusi wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi. Bolti imeshika kutu, na chini ya kichwa cha waya kuna unga wa kijani. Nimepiga msasa mpaka bati likang'aa, nimekaza, nikapaka grisi juu. Sasa kwenye balbu inasoma 12.2, na usiku mashimo nayaona mapema kabisa.

Asanteni sana, hasa uliyenikumbusha nisiguse kioo cha balbu kwa vidole. Ethi ya taa ya kulia nayo niisafishe sasa hivi, au niiache?