Mrejesho: Yule aliyeuliza kuhusu kuishi kwenye boti ya mifereji Uingereza

Wakuu, nimerudi. Machi niliuliza kama mtu mwenye akili zake anaweza kuhamia kwenye boti nyembamba, ile yenye upana wa mita 2 na kidogo, azunguke mifereji msimu mzima. Wengi mlisema nitarudi nchi kavu ndani ya wiki. Sasa ni Oktoba, bado nipo majini.

Kilichonitoa jasho ni Hatton, karibu na Warwick: loki 21 (vyumba vya maji vyenye malango, vinavyopandisha au kushusha boti) kwenye mfereji wa Grand Union. Unashuka, unazungusha mkono wa chuma kufungulia maji, unasubiri loki ijae, unasukuma lango kwa makalio (ndiyo, mikono haitoshi), unaingia, unaanza upya. Jioni hata kijiko kilinishinda.

Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa. Wazee wanaotembeza mbwa walinipita wakinisalimia. Na kwa kuwa sina maegesho ya kudumu, siruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14.

Aliyenionya kuhusu choo alisema kweli. Kubeba lile kasha la choo kwenda kulimwaga, bado sijazoea. Sasa madirisha yanatiririka unyevu kila asubuhi, na kuni nimebakiwa na nusu gunia.