Naomba ushauri: Mahakama ya Mwanzo kufunga miezi 18

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua sheria za hapa kwetu Tanzania.

Mdogo wangu aligombana na abiria wake juu ya nauli ya bodaboda, wakapigana, abiria akapasuka mdomo. Akaenda polisi, akapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa hospitali), kesi ikapelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Dogo akakiri siku hiyo hiyo, akidhani atapigwa faini tu. Akafungwa. Hati ya kifungo nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa kwa peni ya bluu: miezi 18.

Najua kifungu hicho kinafika hadi miaka 5, lakini nijuavyo Mahakama ya Mwanzo mwisho wake ni miezi 12. Sasa hiyo 6 ya juu imetoka wapi?

Nimefuatilia nakala ya hukumu, karani ananiambia bado haijachapwa, nirudi wiki ijayo. Kila nikirudi ni wiki ijayo. Na rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30, zinayoyoma.

Maswali yangu:

Kwa kuwa alikiri kosa, tunaruhusiwa kukata rufaa dhidi ya adhabu peke yake?

Na je, tunaweza kupeleka rufaa bila nakala, au kumwandikia hakimu wa Wilaya aitishe jalada alipitie mwenyewe?

Wakili kwa sasa hatumwezi. Natanguliza shukrani.