Aliyeacha unga hurudije kazini, mwanamume na mwanamke?

Mkazi wa Kizota: Wanajukwaa, habari zenu. Mtaani kwetu wapo wawili walioacha heroini karibu wakati mmoja. Mwanamume amepata kazi ya saidia fundi, lakini mwanamke, aliyekuwa mama lishe karibu na Soko la Majengo, hadi leo hapewi hata vyombo aoshe. Je, ni bahati yao tu, au dawa za kulevya huharibu ajira ya mwanamume na ya mwanamke kwa njia tofauti?

Fundi wa Nkuhungu: Ndugu, huyo mwanamume naye asikudanganye. Kwa ambaye bado anatumia, nguvu ya heroini hukaa saa chache. Aliyevuta alfajiri, kufikia alasiri anapiga miayo, kamasi zinamtoka na ndoo ya zege inamshinda. Anaaga kwamba anarudi sasa hivi, kisha harudi. Kazi ya kibarua humvumilia kwa sababu kesho atakwenda saiti nyingine asikojulikana, ila miaka kumi inapita akiwa saidia fundi yuleyule, bila msimamizi wa kumdhamini.

Muuguzi mstaafu: Nakubaliana na fundi, lakini mwanamke hana saiti nyingine ya kukimbilia. Kazi nyingi anazopewa ni za kuaminiwa ndani ya nyumba, jikoni au kwa mtoto, na akishaitwa teja, mlango huo hufungwa hata akiwa amepona. Ndiyo maana wengi hujificha na kuchelewa kutibiwa. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na ambayo hapa Dodoma hutolewa kliniki ya Itega, hunywewa mbele ya mhudumu, kwa kawaida kila siku. Sasa fikirieni mama lishe anayepaswa kuinjika chai kabla ya mapambazuko, ana mtoto mgongoni, na bado anadaiwa nauli ya kwenda na kurudi.

Mkazi wa Kizota: Ahsanteni. Nilimshauri aombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 kati yake ni ya wanawake. Tatizo ni kwamba wanawake hukopeshwa kwa kikundi, na vikundi viwili vya mtaani vimemkataa kwa kuhofia marejesho.

Muuguzi mstaafu: Basi aulize wanawake anaokutana nao kwenye foleni ya dawa. Ni wachache, lakini kikundi hakihitaji umati.