Nyimbo zilizokubeba masika haya: tupeane uzoefu

Mama wa Igoma: Wana Mwanza na wa visiwani, habari za saa hizi. Jana nimepita Makoroboi, kijana wa kurusha nyimbo kafungulia Saida Karoli, nikasimama katikati ya watu. Masika yote nilikuwa naamka saa kumi kuchoma vitumbua, mvua inagonga bati, namsikiliza yeye. Kihaya sikijui, ila ngoma ikishaingia usingizi unakwisha. Wewe ulisikiliza nini?

Kijana wa Nyegezi: Mimi nimerudi kwenye Salome, ile ya 2016 ya Diamond na Rayvanny, waliyoirudia kutoka kwa Saida. Bila hiyo nisingemjua Saida.

Mhaya wa Kirumba: Mwanangu, ile ya kwanza ndiyo yenye wimbo. Hiyo nyingine ni ya kuchezea tu.

Kijana wa Nyegezi: Shikamoo mzee. Kwani kucheza ni dhambi?

Ng'wana Kisesa: Mwangaluka! Mimi ni bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma ya kulimia, basi. Mwezi wa sita nilikuwa Bulabo, sherehe yetu ya ngoma, pale Bujora. Vikundi viwili vya ngoma vinashindana: Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nimerekodi kwa simu, hadi leo nalimia hiyo. Bagika oyee!

Bagalu Damu: Watu walikuwa kwetu. Wewe ulirekodi migongo yao ikikukimbia.

Mvuvi wa Dagaa: Niliposoma "masika haya" mwili umenisisimka. Kambi yetu iko upande wa Ukerewe. Spika ndogo haikosi mtumbwini, kadi imejaa Mbaraka Mwinshehe. Usiku mmoja wa giza, taa ziko majini, dagaa wameanza kujaa, upepo ukageuka ghafla. Wimbi la kwanza likazima taa. La pili likatujazia maji hadi magotini, injini ikakata. Tunachota maji kwa ndoo, mwenzetu mmoja kakaa chini analia, anamtaja mama yake. Spika tulikuwa tumeifunga kwenye mfuko wa nailoni, tumeining'iniza mbele, hakuna aliyekumbuka kuizima. Ukafika ule wimbo wa Mbaraka, Shida. Yule jamaa akanyamaza, akashika ndoo, akaanza kuimba huku anachota. Tukaitikia wote, sauti zimekauka kwa hofu. Mtumbwi wa jirani haukutuona, taa zetu zilikuwa zimekufa. Walisikia muziki. Nahodha wao alituambia mwaloni asubuhi kwamba alijiuliza kuna kambi gani pale katikati ya maji. Wakaifuata sauti, wakatufunga kamba, wakatuvuta. Mbaraka alifariki 1979, mimi hata sijazaliwa. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mama wa Igoma: Mungu ni mkubwa. Nimelia kwenye daladala.

Fundi Igogo: Pole sana kaka. Spika gani hiyo? Chaji inafika asubuhi?

Mke wa Mvuvi: Watu wamenusurika kufa, wewe unauliza spika! Kaka, mlivaa maboya?

Mvuvi wa Dagaa: Yalikuwa mawili, sisi wanne.

Mke wa Mvuvi: Wanne mvae manne. Wangu haondoki nyumbani bila boya, hata agombe vipi.

Mzee wa Kayenze: Muziki ziwani haufai. Sisi upepo tuliusikia kabla haujafika, kwa sababu tulikuwa kimya.

Kijana wa Nyegezi: Mzee, wangekuwa kimya wangepatikanaje?

Mzee wa Kayenze: Wangerudi mapema.

Ng'wana Kisesa: Bebeni filimbi.

Bagalu Damu: Filimbi ya Bagika? Bora uzame. Natania, mtani. Filimbi ni wazo zuri, na simu muiweke kwenye nailoni.

Mhaya wa Kirumba: Mbaraka nilimsahau kabisa. Nani ana zile alizopiga na bendi ya Morogoro Jazz, zisizokwaruza?

Fundi Igogo: Njoo na kadi yako mzee, nitakurushia. Mvuvi, hujanijibu.

Mvuvi wa Dagaa: Ukiichaji kwa sola mchana kutwa inafika alfajiri. Ila punguza besi, ndiyo inayokula chaji. Na maboya mawili yaliyobaki tumenunua.